Numbu: kiazi cha wanawake wa Maruku kilicholea watoto huku ndizi ikipewa sifa zote

Mtaje Mhaya mbele ya watu wa Dar, majibu yanakuja haraka: ndizi. Halafu senene. Halafu majigambo, halafu kicheko. Hakuna anayetaja numbu. Hata kijana aliyezaliwa Bukoba mjini, ukimtajia anaweza kukukodolea macho kama umemtajia jina la mjomba aliyefukuzwa kwenye ukoo.

Numbu, au enumbu kwa Kihaya, ni kiazi. Siyo kile cha chipsi mayai, siyo kiazi kitamu, siyo gimbi. Ni viazi vidogo vinavyokaa kwa kundi chini ya shina moja, vingine vyembamba kama kidole cha mtoto, vingine vya mviringo. Mmea wenyewe ni ndugu wa mrehani na minti, na undugu huo unaonekana ukilishika shina: lina pembe nne, halikuviringana. Vinaoshwa, vinachemshwa na maganda yake na chumvi kidogo, na vikiiva unabonyeza tu, ganda linateleza lenyewe. Unashushia na chai. Watu wa Njombe nao wanaijua kwa jina hilohilo la numbu, na huko bado ina heshima kuliko Kagera.

Kwa jina la kitaalamu, mmoja wa mimea ya jamii hii unaitwa Plectranthus esculentus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1894 na N. E. Brown, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew kule Uingereza. Neno esculentus kwa Kilatini maana yake ni "kinacholika". Yaani watu wamekula karne na karne, msomi akaandika: kinalika. Asante kwa taarifa. Waingereza wengine wakaenda mbali zaidi wakakiita kiazi cha Livingstone, wakampa zawadi mtu aliyekuwa anapita njia. Mwanamke aliyekitoa porini, akakipanda, akachagua kilicho kikubwa akakiweka mbegu, akampa binti yake siku ya kuolewa, huyo hana jina kwenye kitabu chochote. Na yeye ndiye mwenye historia hii.

Siku hizi kila baada ya wiki mbili mitandao inazaa chakula kipya cha miujiza. Ilikuwa mlonge, ikaja chia, ikaja maji ya bamia. Numbu nayo ina kila sifa ya kuwa inayofuata: ni ya asili, ni ya bibi, jina lake ni zuri kwenye video. Kabla hajatokea mtu wa kusema inatibu kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja, ni bora ijulikane ndani yake kuna nini hasa, na kwa nini iliwahi kuwa muhimu.

Ndani kuna maji na wanga, kama viazi vyote. Hapo hakuna muujiza. Tofauti inaonekana ukikiweka karibu na majirani zake wa jikoni. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kalori kama 160 lakini protini gramu 1.4 tu. Ndizi za kupika zina kalori kama 122 na protini gramu 1.3. Kiazi kikuu, ambacho nacho kina aina za asili ya Afrika, kina kalori 118, protini gramu 1.5 na potasiamu inayozidi miligramu 800. Numbu ikikaushwa na kupimwa, protini yake inauzidi muhogo waziwazi. Ina madini ya chuma na kalsiamu, na haina ile sumu ya sianidi inayoufanya muhogo mchungu uhitaji kulowekwa na kuanikwa siku kadhaa kabla ya kuliwa.

Sasa piga hesabu moja. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji protini kama gramu 13 kwa siku. Kuzipata kwenye ndizi peke yake, inabidi ale kilo nzima ya ndizi zilizomenywa. Kila siku. Tumbo la mtoto wa miaka miwili linajulikana ukubwa wake. Atashiba kabla hajafika hata nusu, atalala vizuri, mama atafurahi, na mwili wake utakuwa na njaa ambayo yeye mwenyewe haisikii.

Numbu peke yake isingemwokoa mtoto huyo. Ila numbu haikuwa inakaa peke yake. Ilikaa shamba moja na njugu mawe, ambazo zikiwa kavu karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake ni protini. Kwa hiyo ukitaka kujua thamani ya numbu, maabara itakupa nusu tu ya jibu. Nusu nyingine iko shambani, na shamba lenyewe lilikuwa la nani.

Maruku iko kwenye miinuko ya Bukoba Vijijini, si mbali na Ziwa Victoria. Mvua za ukanda huu wa ziwa ni nyingi mno. Kuna maeneo yanapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mgeni akiona kijani kile anadhani udongo ni siagi. Siyo. Mvua hiyo hiyo imeufua udongo mpaka rutuba imeshuka chini, na sehemu kubwa ya ardhi ni nyika ya majani mafupi ambayo Wahaya wanaiita rweya. Katikati ya nyika hiyo ndipo palipotengenezwa vibanja: mashamba ya migomba, kahawa na maharage yaliyozunguka nyumba, yakilishwa kwa vizazi na vizazi mbolea ya ng'ombe, majivu, maganda ya ndizi na majani yaliyokatwa rweya na kubebwa kichwani. Kibanja hakikuzaliwa na rutuba. Kilipewa, na waliokuwa wakibeba kwa sehemu kubwa ni wanawake.

Lakini kibanja kilikuwa cha mwanamume na ukoo wake. Mwana wa kiume ndiye aliyerithi. Mke alilima humo, akapika kilichomo, lakini kahawa ikivunwa pesa ilikuwa ya baba, na ndizi za pombe zikiiva rubisi ilikuwa ya baba na wageni wake. Cha mwanamke kilikuwa nje, kule rweya.

Kule alikuwa na kipande kinachoitwa omusiri. Aliomba ruhusa kwa mkubwa wa kijiji, akapindua majani kwa jembe, akayaacha yakauke, akayakusanya kwa chungu na kuyachoma, kisha akapanda numbu na njugu mawe kwenye majivu. Baada ya msimu mmoja au miwili kipande kikachoka, akakiacha kipumzike kwa miaka, akahamia kingine. Kazi ngumu, udongo mbovu, mavuno madogo. Ila kilichotoka huko kilikuwa chake. Aligawa yeye, aliuza yeye, alimpelekea mama yake mzazi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na hapa ndipo numbu ilipokuwa na akili. Huhitaji udongo mzuri. Inavumilia mchanga na uchovu wa ardhi ambao mgomba ungeukataa kabisa. Na kwa kuwa iko chini ya udongo, mpita njia haioni, jua likiwaka haikauki upesi, na upepo wa mvua za ziwa unaoangusha migomba hauifikii. Familia iliyokuwa na kibanja tu ilikuwa na chakula cha aina moja. Familia yenye kibanja na omusiri ilikuwa na akiba.

Historia ya huko ni ndefu kuliko ndizi zenyewe. Katuruka, eneo la Maruku, ndiko mwanaakiolojia Peter Schmidt alikochimba kuanzia 1970 na kukuta mabaki ya tanuru za kuyeyusha chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Watu waliojua kutengeneza chuma walijua kutengeneza jembe, na jembe ndilo linalofungua nyika. Mgomba asili yake ni Asia. Ulifika Afrika Mashariki kwa njia ambazo wataalamu bado wanabishania. Viazi vya jamii ya numbu na baadhi ya viazi vikuu ni wenyeji wa bara hili. Kwa maneno mengine, mfalme wa meza ya Kihaya ni mgeni aliyekaribishwa akakalia kiti, na mwenye nyumba akahamishiwa uani.

Nani alimhamisha? Sehemu ni ndizi yenyewe, maana ndizi ni zao la raha: ukishapanda, kizazi chako kinakula. Sehemu ni heshima. Mgeni akija Buhaya unampikia ndizi. Ukimpikia viazi unamwambia jambo bila kufungua mdomo. Lakini msukumo mkubwa ulikuja na hela.

Kahawa ya robusta ilikuwepo Buhaya kabla ya Mjerumani. Ilichemshwa, ikakaushwa, ikatafunwa; mgeni alipewa punje kama mjini anavyopewa soda. Emin Pasha alifungua kituo cha Wajerumani Bukoba mwishoni mwa 1890, na kodi ikafuata. Miaka hiyohiyo sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na kibanja kikapoteza mbolea yake. Kodi ililipwa kwa fedha, fedha ilitoka kwenye kahawa, na chini ya Waingereza kahawa ikawa ndiyo maisha ya Bukoba. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, BNCU, kikaandikishwa. Kahawa ilijenga nyumba za bati na ikapeleka watoto shule mapema kuliko mikoa mingi ya Tanganyika. Majigambo ya Kihaya yanayochekwa leo yana risiti zake.

Ila angalia ilipotoka nguvu kazi. Kahawa ilihitaji mikono ya kuchuma na kuanika, na mikono hiyo ilitoka kwa mtu yuleyule aliyekuwa na omusiri. Siku alizokuwa akipalilia numbu zikaenda kwenye kahawa ambayo hela yake haioni. Hakuna aliyepiga marufuku numbu. Ilikosa muda tu.

Halafu ukaja muhogo. Huu ni mzaliwa wa Amerika ya Kusini, ulioingia Afrika na Wareno, na serikali ya kikoloni Tanganyika iliupenda kwa sababu iliyo wazi: unakaa ardhini muda mrefu, nzige hawaumalizi, na bwana shamba anaweza kuuhesabu. Wakulima wakaamriwa kuupanda kama kinga ya njaa. Kiazi kitamu, nacho Mmarekani, kikaingia kwa hiari zaidi. Vyote viwili vinajaza gunia haraka kuliko numbu, na tusiwalaumu walioamua hivyo. Numbu ina makosa yake: inakaa miezi sita au zaidi, palizi yake inachosha, na kuvichimbua vile vidole kimoja kimoja kwenye udongo ni adhabu ya mgongo. Mtu mwenye watoto saba na jembe moja hawezi kuchagua chakula kwa sababu kina kalsiamu.

Kilichopotea kikaonekana taratibu. Muhogo unashibisha, lakini ulikalia kipande kilekile kilichokuwa na numbu na njugu, na wenyewe haukuja na njugu. Tena una hatari zake. Mkoani Mara, ng'ambo ya ziwa, Tarime ilipigwa katikati ya miaka ya 1980 na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla. Ilikuwa wakati wa ukame. Watu walikula muhogo mchungu uliotayarishwa haraka, na sahani haikuwa na protini ya kutosha kuusaidia mwili kuitoa sumu. Kagera haikufika huko. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 aina kali ya batobato iliyotokea Uganda ikavuka mpaka na kuunyonga muhogo wenyewe, na zao lililoitwa kinga ya njaa likahitaji kinga.

Kabla ya hapo kulikuwa na pigo kubwa zaidi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, vita ikaisha 1979, na miaka michache baadaye watu wakaanza kukonda bila maelezo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Mitaani ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kila anayejua Bukoba ya miaka ile anajua jinsi nyumba zilivyofungwa.

Kwa upande wa chakula, maana yake ilikuwa hii: kibanja kinataka mikono kila wiki, na mikono ilikuwa makaburini au kitandani. Bibi akabaki na wajukuu. Rweya iko mbali na nyumba, inahitaji nguvu za kupindua nyika, na bibi wa miaka 65 haendi kupindua nyika. Numbu ilikuwa tayari imedhoofika; hapo ikakosa wa kuirithi. Maarifa ya kilimo kama haya hayakai kwenye daftari. Mama anamfundisha binti akiwa ameinama shambani, na mama anapokufa binti akiwa na miaka sita, somo linaishia hapo.

Na mjane je? Kanuni za sheria ya mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke wa Kihaya kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja mzee wa Kagera aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kudai lirudishwe, mahakama ya mwanzo ikampa haki ndugu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 jaji akasema ubaguzi huo haukubaliki chini ya hati ya haki iliyokuwa imeingizwa kwenye Katiba. Mama akashinda. Wanafunzi wa sheria Afrika nzima wanaisoma kesi hii. Kwa mwanamke wa kijijini ambaye hana nauli ya kwenda Mwanza, iliendelea kuwa habari njema ya redioni, na chakula chake kiliendelea kutegemea ardhi anayoazimwa.

Ardhi hiyo ya kuazimwa nayo ikaanza kubanwa. Chai ilipandwa kwenye nyika za Bukoba, na Maruku ikapata kiwanda chake cha chai. Kisha ikaja miti: mikaratusi na misonobari, mali nzuri kwa mwenye mtaji, unaipanda na kurudi Dar kusubiri mbao. Rweya iliyokuwa ya kijiji chote ikaanza kuwa na wenyewe, na wenyewe hao kwa kawaida hawakuwa wanawake wenye jembe. Ni mabadiliko ambayo hayakuzua maandamano wala kichwa cha habari, maana kwenye karatasi rweya iliandikwa kama ardhi iliyo wazi. Omusiri uliopumzishwa unafanana kabisa na ardhi isiyo na mtu.

Kinachofuata kinasikitisha, na Wahaya si wa kwanza. Ukivuka mpaka wa Mutukula unakutana na Waganda, majirani wanaokula ndizi zilezile. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa imejaa watoto waliovimba miguu, ngozi ikibanduka, nywele zikiwa nyekundu, kutoka kwenye nyumba zilizozungukwa na migomba. Madaktari walibabaika miaka mingi. Wengine wakadhani ni minyoo, wengine kaswende. Daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza ugonjwa huo kule Ghana na mwaka 1935 akaupa jina alilolikuta kwa Waga: kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuja kwa mwenzake. Mwaka 1954 madaktari wa Mulago, akiwemo Hugh Trowell, walitoa kitabu kizima juu yake. Watoto hawakuwa na njaa ya tumbo. Walikuwa wameshiba wanga.

Kilichosaidia hakikuwa dawa. Mwaka 1965 Mulago ilifungua kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mtoto wake na kufundishwa kupika kitobero: ndizi au viazi, vikichanganywa na maharage au karanga, samaki wadogo au maziwa, na majani ya kijani, vyote kwenye jani moja la mgomba. Vyakula vilikuwa vya shambani kwake mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kuona chakula cha omusiri, viazi na njugu kwenye chungu kimoja, angeona kitu anachokifahamu.

Kagera ya leo haina wodi zilizojaa kwashiorkor kama Mulago ya zamani. Ina kitu kilichotulia zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta karibu asilimia 42 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34. Kudumaa hakutishi jicho. Mtoto anacheza, anacheka, ni mfupi tu kidogo, na watu wanasema amefuata upande wa mama. Lakini kimo kilichopotea kabla ya miaka miwili ni vigumu kurudi, na darasani kinaonekana kwa namna nyingine. Katika orodha hiyo ya mikoa iliyodumaa sana walikuwemo pia Rukwa, Njombe, Ruvuma na Iringa. Mikoa inayolisha nchi! Na ndiyo, Njombe yenye numbu sokoni imo. Kiazi hakishindi chenyewe. Kinachoamua ni kilicho pembeni yake kwenye sahani, nani analisha, na mama ana muda gani.

Maruku yenyewe ina jina kubwa kwenye kilimo, kwa sababu ndiko kilipo kituo cha utafiti ambacho leo ni TARI Maruku, kinara wa utafiti wa migomba nchini. Migomba ilipochoka kwa fukusi, minyoo ya mizizi na udongo kuisha, watafiti wake walishirikiana na mradi uliosaidiwa na Wabelgiji kusambaza migomba mipya ya FHIA iliyotokana na kazi ya Honduras. Inazaa mikungu ya kutisha. Wazee wakaonja, wakasema hii ya kuiva sawa, ya rubisi sawa, ya kupika hapana. Mwaka 2006 ukathibitishwa mnyauko wa bakteria Kagera, Muleba ikiwa kati ya wilaya zilizoumia sana. Jani linageuka njano, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata ndizi ndani ni kahawia. Tiba hakuna, unakata ua la chini kwa kijiti chenye panda, unachoma kisu moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na mgomba mgonjwa unang'olewa. Kuna familia zilizong'oa kibanja kizima.

Miaka ile watu waligundua upya kwamba nje ya kibanja kuna mlo. Kilichopewa nguvu na miradi ni viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, na vinastahili. Gramu 100 zake zinampa mtoto vitamini A ya siku nzima na kubaki, wakati kiazi cheupe hakina karibu chochote. Robert Mwanga, mtafiti wa Uganda, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, watatu kati yao kwa kazi ya viazi hivyo. Numbu haina vitamini A ya aina hiyo na haiwezi kushindana kwenye bango. Lakini viazi lishe vimepata kila kitu ambacho numbu haikuwahi kupata: wanasayansi wa kuchagua mbegu, vitalu, fulana, hata nyimbo. Numbu iliboreshwa na wanawake wenye jembe na kumbukumbu, bila mshahara, na hapo ndipo ilipoachwa.

Anayetaka kulima rweya ya Maruku sasa anapita kwanza mistari ya misonobari. Akibahatika kukodi kipande, ni kwa msimu mmoja au miwili, na mwenye ardhi anaweza kukitaka wakati wowote, kwa hiyo hakuna cha kupumzisha udongo. Mama anakaa na kupiga hesabu. Muhogo utampa magunia, numbu debe. Ada ya shule iko Januari. Anapanda muhogo. Pembeni anachomeka njugu mawe kidogo, na mwisho wa tuta, pale jembe linapogeuzia, mistari miwili ya numbu ili mbegu isipotee.